Kombe Lilikuja, Klabu Ilikwenda Wapi?

Apitaye mtaani Huruma, hapa Eldoret, jioni ya Jumapili hakosi kukuta watu wakibishana juu ya kandanda. Penye kibanda cha kinyozi, penye meza ya muuza mitumba, penye jiko la mama apikaye chapati, vijana kwa wazee hushindana kwa maneno kana kwamba wanaamua kesi ya urithi. Juma lililopita nami nilinaswa. Nilikuwa nimekwenda kupunguza nywele na kurudi nyumbani kusahihisha daftari za wanafunzi. Nilitoka pale usiku umekwisha kuingia, na daftari zilinisubiri hadi alfajiri.

Swali lililokuwa mezani lilikuwa hili: kwa nini mji wetu, ambao mnamo Agosti 2024 ulipandishwa hadhi ukawa jiji, hauna timu ya kandanda inayopanda na kukaa juu? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Kijana mmoja alisema ni bahati mbaya tu. Mwenye kibanda, mkasi mkononi, alishikilia kwamba makocha hawapewi muda. Timu ikifungwa mara tatu, kocha hufukuzwa kama mwizi wa kuku. Wa tatu, aliyekuwa amevaa jezi ya klabu ya Uingereza, alitoa hukumu ambayo wengi waliitikia kwa vichwa: hapa ni nchi ya wakimbiaji, damu yetu ni ya mbio, kandanda tuwaachie watu wa ziwani na wa Magharibi.

Pembeni aliketi mzee mmoja fundi wa cherehani, ambaye ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema: "Wanangu, mnauliza kwa nini hatushindi. Sisi tulishinda. Ulizeni waliotushindia walikwenda wapi."

Vijana walicheka. Walidhani mzee anaota. Nikalazimika kuingilia kati, maana mzee alikuwa amesema kweli tupu.

Msomaji mpenzi, hasa wewe mwanafunzi uliyezaliwa baada ya mwaka 2000, huenda nawe hukuambiwa. Timu ya Rivatex, iliyokuwa ya kiwanda cha nguo hapa Eldoret, ilitwaa kombe la taifa la mtoano mwaka 1990, ikalitwaa tena mwaka 1995. Siku zile kombe hilo likiitwa Moi Golden Cup. Miaka miwili baadaye, mwaka 1997, kombe hilohilo lilirudi Eldoret mikononi mwa timu nyingine, Eldoret KCC, iliyokuwa ya shirika la maziwa. Hebu tafakari: katika muda wa miaka minane mji mmoja, mbali na Nairobi na mbali na Mombasa, ulilitwaa kombe la taifa mara tatu kwa timu mbili tofauti. Ni kweli kwamba ubingwa wa ligi haukufika hapa. Lakini mji usio na damu ya kandanda hauwezi kufanya hivyo hata kwa kubahatisha.

Basi zilikwenda wapi timu hizo? Je, zilishushwa daraja na wapinzani waliozizidi maarifa? Hasha. Wachezaji wa Rivatex walikuwa wanalipwa na kiwanda, na kiwanda kilikuwa kinakufa. Mapema katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikafurika sokoni, kitambaa cha hapa kikakosa mnunuzi. Madeni yakapanda, usimamizi ukalegea, na miaka ya 1990 ilipokuwa ikiishia mitambo ikanyamaza. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mitambo ya kisasa. Shirika la KCC nalo, lililokuwapo tangu mwaka 1925, lilidhoofika katika miaka hiyohiyo hadi serikali ilipolifufua kwa jina la New KCC mwaka 2003. Viwanda vilirudi. Timu zile zilizoleta makombe hazikurudi na enzi yake. Wahenga walinena kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ndege wetu hawakuyumba tu. Walitawanyika, na kiota hakikujengwa tena.

Tusidhani kwamba msiba huu ni wa Eldoret peke yake. Tazama ukanda wa miwa. Mumias Sugar ilichukua kombe hilo mwaka 1996 na mwaka 1999. Chemelil Sugar ililichukua mwaka 2003. Sony Sugar ilifanya makubwa zaidi, ikawa bingwa wa ligi kuu mwaka 2006. Kisha sukari ikawa chungu. Kampuni ya Mumias ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na mwaka huohuo Sony Sugar, bingwa wa jana, ikafukuzwa katika ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Tazama pia Naivasha: Oserian Fastac, timu ya shamba la maua, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na mwaka 2002, na punde baadaye ikatoweka katika ligi. Bingwa mara mbili mfululizo, kisha kimya!

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa kwa kinyozi. Wao huuliza kwa nini ushindi haudumu. Mimi naona swali hilo linakuja kabla ya wakati wake. Ushindi hauwezi kudumu mahali ambapo timu yenyewe haidumu. Timu nyingi tulizozishangilia hazikuwa zetu. Zilikuwa za mwajiri, nasi tulikuwa wageni waalikwa. Mwenye karamu alipofilisika, akakunja mkeka wake, nasi tukabaki tumesimama uani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtu ataniambia: mbona Tusker, timu ya kampuni ya bia, imedumu tangu mwaka 1969 ikiitwa Kenya Breweries, na imetwaa ubingwa mara nyingi? Mbona Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, ilitwaa ligi miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, na tena 2010? Ni kweli, wala sikatai. Mwajiri akiwa na afya, timu yake huwa na afya. Lakini afya hiyo ni ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri. Mji usiokuwa na kiwanda cha bia wala kambi ya jeshi utafanyaje? Je, watoto wake wasicheze?

Wengine watanijibu kwa mfano wa Gor Mahia na AFC Leopards. Hizi kweli zina wenyewe. Leopards iliundwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuikabili Espérance ya Tunisia, sare ya 2-2 kule Tunis na sare ya 1-1 hapa nyumbani, mabao ya ugenini yakaamua. Lakini baada ya ubingwa wa ligi wa mwaka 1995, K'Ogalo walikaa miaka 18 bila kuupata tena, hadi mwaka 2013. Ingwe nao walitwaa ligi mwaka 1998, kisha wakapitisha zaidi ya robo karne bila taji hilo. Ikiwa kuwa na wenyewe kunatosha, mbona ukame huo?

Naam, kuwa na wenyewe hakutoshi. Ugomvi wa viongozi, fedha za mlangoni zisizojulikana zilikokwenda, wachezaji wasiolipwa: haya yanaweza kuilaza chini timu yenye mashabiki milioni. Lakini angalia tofauti. Gor Mahia ilipokosa ubingwa kwa miaka 18, ilibaki Gor Mahia. Jina lilibaki, rangi ya kijani ilibaki, nyimbo zilibaki, na baba alimbeba mwanawe mabegani kwenda uwanjani akimwambia, "Hii ni yetu." Siku mambo yalipotengemaa kulikuwa na kitu cha kutengemaa, na kuanzia mwaka 2013 ikatwaa ubingwa mara kwa mara. Rivatex haikupata nafasi ya kukosa ubingwa kwa miaka 18, kwa sababu haikuwapo.

Hata nje ya bara letu jambo ni hilohilo. Wamarekani wana mchezo wa besiboli, wa kuupiga mpira kwa gongo. Timu moja ya mchezo huo, Chicago Cubs, ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha ikakaa miaka 108 bila kuutwaa tena, hadi mwaka 2016. Watu walizaliwa wakaishabikia timu hiyo, wakazeeka, wakafa bila kuonja ushindi. Walibishana kama sisi tunavyobishana: wengine walisema ni laana, wengine ni uongozi, wengine ni wachezaji. Lakini tangu mwaka 1916 timu ilikuwa ikichezea uwanja uleule, katika mtaa uleule, chini ya jina lilelile. Sisi tunadhani tunafanana nao katika huzuni. Hatufanani. Wao walikuwa na timu isiyoshinda. Sisi tulikuwa na timu zilizoshinda kisha zikafa. Timu isiyoshinda inaweza kungojwa, na iliyokufa huombolezewa tu.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa jezi na hoja yake ya damu. Anasema sisi ni wakimbiaji. Sawa, lakini na tujiulize kwa nini mbio zetu zinadumu. Katika Shule ya St. Patrick's, Iten, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa, alifika mwalimu kutoka Ireland mwaka 1976, Ndugu Colm O'Connell. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyepitia shule hiyo, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir, wa shule hiyohiyo, akatwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji kule Barcelona. Mwaka 2012 na mwaka 2016 David Rudisha, aliyefunzwa na mwalimu huyohuyo, akatwaa dhahabu ya mita 800. Hesabu mwenyewe: kutoka Rono hadi ushindi wa pili wa Rudisha ni miaka 28. Damu ya watu wa bonde hili haikuanza mwaka 1976. Kilichoanza ni ngazi: mtoto akimbia shuleni, mwalimu amwona, kambi yampokea, mkubwa amwongoza mdogo, na mkubwa akiondoka mdogo anashika nafasi yake. Viwanda vingapi vimefunguliwa na kufungwa tangu wakati ule? Ngazi haikuvunjika, kwa sababu haikuegemezwa ukutani mwa kiwanda.

Kandanda nayo inaweza kujengewa ngazi kama hiyo, na si lazima mtu awe tajiri. Katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Nairobi, mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA, ambapo timu za watoto zilipata pointi za ligi kwa kucheza na vilevile kwa kuzoa taka mitaani. Kutokana na watoto hao, mwaka 1994 iliundwa Mathare United. Mwaka 1998 na mwaka 2000 ilitwaa kombe la taifa, lilelile lililowahi kuja Eldoret, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi. Baadaye nayo ilipatwa na dhiki, hata ikashushwa daraja, lakini ikapanda tena. Imeanguka, imeinuka, haikuzikwa. Chini yake kuna watoto.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mtoto wa Huruma, kiungo ambaye mpira ulimtii kama mbwa anavyomtii mchungaji. Klabu ya taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilimtaka. Mama yake, muuza mboga, alikuja shuleni akaniuliza, "Mwalimu, nimwache aende?" Nami, nikiwa nimevutiwa na ahadi ya mshahara, nikamjibu, "Mama, mwache aende." Msimu wa pili haukufika katikati. Wakubwa wa taasisi waliketi, wakaona kandanda ni gharama isiyo na faida, na timu ikavunjwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Kijana alirudi Huruma na viatu vyake mkobani. Wenzake wa darasa walikuwa wamekwisha kufanya mtihani. Leo anaendesha bodaboda. Mama yake hajanilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu.

Sikumuuliza mama yule, wala sikuiuliza klabu ile, maswali mawili ambayo sasa namsihi kila mwalimu ayaulize: Mwenye timu hii ni nani? Na mwenyewe akiondoka, atakayebaki ni nani? Timu isiyoweza kujibu swali la pili haistahili kumtoa mtoto darasani.

Kwenu wanafunzi nasema: kipaji chenu ni mali, na mali hawekezi mtu penye nyumba isiyo na msingi. Someni na mcheze. Anayewaambia kuwa mawili hayo hayaendi pamoja anataka kuwatumia, hataki kuwakuza.

Kwenu walimu wenzangu, nina la kusema lenye ukali kidogo, nami mwenyewe nimo ndani yake. Nilipokuwa nikiondoka pale kwa kinyozi, yule mzee fundi cherehani alinishika mkono. "Mwalimu," akasema, "shule yako ina timu?" Nikamwambia inayo, na ni nzuri. "Nahodha wake wa miaka mitano iliyopita alikuwa nani?" Nikanyamaza. "Ilifungwa na nani mwaka juzi?" Nikazidi kunyamaza. Mzee hakucheka. Alisema tu kwamba hata wao kiwandani walidhani watu watakumbuka.

Maneno yale yalinikosesha usingizi kuliko daftari za wanafunzi. Tunawalaumu wenye viwanda kwa kuziacha timu zife, na sisi tunaziacha za shule zife kila mwisho wa mwaka. Mwalimu wa michezo akihamishwa, huondoka na kila kitu: orodha, ratiba, hata mipira. Anayekuja huanza upya kama kwamba shule ilifunguliwa jana.

Hatuhitaji mabilioni kuanza kurekebisha. Kila shule na iwe na daftari la timu, liandikwe majina, tarehe, matokeo, na likae ofisini, si mfukoni mwa mtu. Madarasa yashindane kwa ligi yao wenyewe, ili watoto wa chini wawaone wa juu wakicheza. Waliohitimu waitwe warudi, wawe wanachama, na kila mmoja atoe kidogo alicho nacho, maana haba na haba hujaza kibaba, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Timu za mitaa zisajiliwe kwa jina la mtaa na zichague viongozi kwa kura, kisha ndipo mfadhili akaribishwe, aje kama mgeni wa heshima, asije kama mwenye nyumba. Na viwanja vichache vya wazi vilivyobaki katika mitaa kama Huruma vilindwe kama visima vya maji, kwa sababu uwanja ukijengwa vibanda, ngazi yote imekatwa kwenye kidato cha kwanza.

Asubuhi ya Jumatatu nilinunua daftari la kurasa mia mbili. Nilianza na wachezaji niwakumbukao, na wa kwanza niliyemwandika ni yule kiungo aendeshaye bodaboda. Kisha nilimpigia simu nikamwomba aje Jumamosi awafunze watoto wa madarasa ya chini. Amekubali.

Mabishano ya Jumapili na yaendelee. Mji usiobishana umekufa. Lakini tukutanapo tena kwa kinyozi, kabla hatujauliza ni lini kombe litarudi Eldoret, tuulizane kwanza kama kuna nyumba ya kuliweka.